Mtoto akirudishwa nyumbani kwa tetesi

Mhariri,

Mtoto anarudishwa kutoka shule ya bweni na barua ya mwalimu mkuu, au kaka yake anafungua simu yake, na kabla jua halijatua ukoo mzima unajua kwamba "ana tabia hizo", yaani anavutiwa na watu wa jinsia yake. Sisi washauri nasaha wa familia tunaomba nafasi tuseme na wazazi, kwa sababu wengi hukosea siku ile ya kwanza, na kosa la siku ile ni gumu kufutika.

Tuanze na hofu ya sheria, maana ndiyo inayofukuza watoto. Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga ni kali mno, hadi kifungo cha maisha, na hata kifo kwa makosa inayoyaita mazito zaidi, lakini inaadhibu vitendo. Hisia za moyoni si kosa. Kifungu cha 14, kilichowalazimisha watu kuripoti, kilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024. Kwa hiyo mzazi halazimiki kumpeleka mwanawe polisi wala kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwa sababu amemwambia anavutiwa na nani.

Mvuto huo kwa wengi huanza kujitokeza karibu na umri wa miaka 10. Wengine hujitambua wakiwa sekondari, wengine wameshapita 20. Haufundishwi bwenini, na mvulana kupenda kupika au msichana kucheza mpira si dalili yake. Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Ndiyo maana viboko, maombi ya kumtoa pepo na ndoa ya haraka haviubadilishi. Vinamfundisha mtoto kuficha tu.

Akisema aliingiliwa na mtu mzima, hilo ni jambo jingine kabisa. Ni jinai, awe mtu huyo mwanamume au mwanamke, wala lisichanganywe na mvuto. Mpeleke kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia VVU, na umsimamie azimeze siku zote 28.

Sasa siku yenyewe. Mtoto huyo anaogopa mambo matatu: kufukuzwa, kunyimwa karo, kuchukiwa. Yajibu yote kabla hujauliza lolote: "Wewe ni mwanangu. Utalala hapa, utakula hapa, karo nitalipa." Kama hasira imekupanda, ishia hapo, mengine yangoje kesho. Usiulize "nani amekufundisha?" Mtoto anayepigwa hutaja jina lolote ili fimbo ikome, na asiye na hatia hukamatwa.

Kisha muulize nani anaweza kuambiwa, na uheshimu jibu lake. Ssenga, yaani shangazi, ndiye wa kwanza kuitwa katika nyumba nyingi za Waganda, na ssenga mwenye kifua ni hazina. Lakini akilipeleka jambo hili kwenye kikao cha ukoo, huwezi kulirudisha.

Muulize pia waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa mlango wa kusema. Akikubali, asilale peke yake, na dawa ya kunyunyizia mimea pamoja na vidonge vyote vifungiwe kwa kufuli leo hii, kwa sababu wazo la kujiua mara nyingi huja kwa ghafla na kupita, nayo sumu iliyo karibu haisubiri lipite. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba vijana waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano wa kujaribu kujiua zaidi ya mara 8 kuliko wale ambao hawakukataliwa, au waliokataliwa kidogo tu. Mzazi hahitaji kuelewa kila kitu ili asiwe sababu hiyo.

Imebaki shule. Nenda mwenyewe, bila mtoto, umwombe mwalimu mkuu barua ya uhamisho isiyotaja sababu. Kama ni mtahiniwa wa kidato cha nne (S4) au cha sita (S6) aliyekwisha kusajiliwa, usimhamishe katikati ya mwaka. Omba alale nyumbani na aje kufanya mitihani tu, na siku hizo umsindikize hadi getini.

Washauri nasaha wa familia,
Kampala