Msimlaumu mgonjwa dawa inapogonga mwamba

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu saratani ya matiti, na sentensi moja imenichoma: kwamba ugonjwa hurudi kwa sababu wagonjwa huacha vidonge vya kuzuia homoni. Wapo wanaoacha, nakubali. Viungo huuma, joto hupanda usiku hadi shuka zikalowa, na dozi yenyewe ni ya miaka 5, kwa wengine hata 10. Lakini mama yangu hakuacha. Pakiti tupu alizihifadhi zote kwenye kopo la poda. Saratani ilipoonekana kwenye uti wa mgongo, daktari alimuuliza, "Mama, dawa ulikuwa unakunywa kweli?" Kliniki iliyofuata alikwenda na lile kopo, akalimwaga mezani.

Takriban saratani 7 kati ya 10 za matiti zina vipokezi vya estrojeni, sehemu za seli ambapo homoni hiyo hujishika, na ndiyo inayozichochea kukua. Tamoksifeni hukalia kipokezi, estrojeni ikakosa pa kushika. Letrozoli, ambayo hupewa zaidi wanawake waliokoma hedhi, huzuia mwili kuitengeneza. Dawa hizi zimeokoa wengi, na asitokee mtu wa kuziacha kwa sababu ya barua hii. Ila seli za saratani hubadilika. Ugonjwa ukishasambaa, hasa kwa aliyetumia dawa za kundi la letrozoli, jeni la ESR1, lenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi hicho, huweza kubadilika na kipokezi kikafanya kazi hata bila estrojeni. Hapo mtu atameza kidonge kila siku, saa ileile, na uvimbe utazidi kukua.

Kwa hiyo kabla ya kumhoji mgonjwa, ipimwe saratani. Inaporudi, kipande kidogo cha uvimbe kichukuliwe na kupimwa upya kila inapowezekana, maana vipokezi vyake huenda si vile vya mwanzo. Badiliko la ESR1 huweza kuonekana hata kwenye damu, na tangu 2023 Marekani imeidhinisha kidonge cha elasestranti kwa baadhi ya wagonjwa wenye badiliko hilo. Mama alipimwa upya baada ya sisi kung'ang'ania, akabadilishiwa dawa.

Naomba mrudi kwenye mada hii, mzungumze na daktari bingwa wa saratani kuhusu usugu wa dawa, na ile sentensi muirekebishe. Mwanamke aliyetoka kuambiwa kwamba ugonjwa umefika kwenye mifupa asiisome akadhani amejiletea mwenyewe.

Binti wa mgonjwa