Anwani ya pochi na namba ya simu visikae pamoja

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za sarafu za kidijitali huusifia usalama wa blokucheni (daftari la wazi la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi), lakini suala la arifa huliruka. Blokucheni haiijui simu ya mtu wala haina namna ya kumtumia ujumbe. Ethereum, mojawapo ya blokucheni hizo, humtambua mtumiaji kwa anwani ya pochi yake ya kidijitali, yenye herufi na tarakimu 42, basi. Ule ujumbe wa “umepokea malipo” hutoka kwenye seva ya kawaida kabisa ya kampuni. Seva husoma kila bloku mpya, yaani fungu jipya la miamala, kila baada ya sekunde 12 hivi, na ikikuta anwani iliyomo kwenye orodha yake ya pochi na simu au barua pepe za wenyewe, humwandikia mhusika.

Hatari imelala kwenye orodha hiyo. Salio na miamala ya kila anwani viko hadharani, kwa hiyo anayeiiba anajua nani ana kiasi gani na apigiwe wapi.

Mwaka 2020 kampuni ya Ledger ya Ufaransa, inayouza vifaa vya kuhifadhia funguo za sarafu, iliibiwa taarifa za wateja wa duka lake la mtandaoni. Majina, simu na anwani za nyumbani za wateja wapatao 272,000 zilianikwa mtandaoni Desemba. Funguo zilizomo ndani ya vifaa hazikuguswa. Matapeli hawakuzihitaji: waliwaandikia wateja kwa jina la kampuni, wakawaomba maneno yao 24 ya siri, ambayo anayeyajua huifungua pochi. Juni 2022 OpenSea, soko la mtandaoni la mali za kidijitali, nayo ilitangaza kwamba mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikiisambazia barua pepe ametoa nje anwani za barua pepe za wateja.

Wapo watengenezaji programu wanaoigeuza namba ya simu kuwa hashi (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye namba hiyo), wakaiandika kwenye mkataba janja, yaani programu inayokaa kwenye blokucheni, na kudai imefichika. Haijafichika. Namba ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu tisa baada ya 255, na ya kwanza ni 6 au 7. Zote haziwezi kuzidi milioni 200. Kompyuta ya mezani huzijaribu zote kwa dakika chache hadi hashi ilingane. Tena kilichoandikwa humo hakifutiki, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe.

Njia iliyo salama zaidi ni programu ya pochi kutoomba namba ya simu wala barua pepe. Itume arifa kupitia programu yenyewe, isiyo na kiasi wala anwani, “kuna jipya” tu. Mtumiaji akifungua, programu isome yenyewe kwenye blokucheni. Barua pepe ikilazimika, ihifadhiwe kwa usimbaji (maandishi yasiyosomeka bila ufunguo) mbali na jedwali la anwani za pochi, na msambazaji wa nje asipewe kamwe anwani ya pochi.

Mtumiaji naye afungue barua pepe maalumu kwa ajili ya pochi tu, wala asiiandike kwenye wasifu wa jina lake la ENS (huduma inayoipa anwani ya Ethereum jina linalosomeka), maana wasifu huo husomwa na kila mtu. Arifa ikija na kiungo, asikibonyeze. Afungue programu kwa mkono wake.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam