Nani atakuitikia hodi huko Mirihi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji kijana aliyeandika wiki iliyopita kwamba ikipatikana safari ya kwenda Mirihi, ya mtu mmoja tena bila kurudi, yeye atapanda hata kesho. Sababu aliyotoa ni fupi: amechoshwa na watu.

Sikumcheka. Nilipokuwa na miaka 26 nami nilikuwa nimechoshwa na watu. Ndiyo maana nilikubali kazi ya afisa wa redio kwenye meli za mizigo. Unajifungia kwenye kijumba chako, hedifoni masikioni, hakuna wa kukugusa. Niliifanya miaka 19, mpaka mwaka 1999 Morse, ile lugha ya nukta na vistari inayogongwa redioni, ilipoondolewa rasmi kwenye mawasiliano ya dharura baharini, nasi tukaondoka nayo. Kwa hiyo naongea kama mtu aliyelipwa mshahara kwa kukaa peke yake.

Kwenye ukuta wa chumba cha redio ilikuwepo saa isiyofanana na saa nyingine. Uso wake ulipakwa vipande vyekundu, kimoja kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, kingine dakika ya 45 hadi ya 48. Mshale ukiingia kwenye wekundu, kila aliyekuwa kwenye kilohezi 500, masafa ya redio ya kuombea msaada baharini, alitoa mkono kwenye kitufe cha kugongea Morse, akanyamaza, akasikiliza. Dakika tatu, mara mbili kila saa, usiku na mchana. Huenda yuko mtu anazama mahali na mtambo wake una nguvu haba. Tukinyamaza sote, labda tutamsikia. Mwanzoni dakika hizo zilinichosha kuliko zamu nzima. Una la kusema, mkono unawasha, na huruhusiwi.

Sasa, Mirihi ikisogea karibu kabisa na sisi, kiasi cha kilomita milioni 55, mawimbi ya redio huchukua dakika tatu kufika. Tatu zilezile. Ikiwa mbali, kilomita milioni 400, ni dakika 22, na hiyo ni kwenda tu. Ukipiga hodi siku hiyo, "karibu" yako inakujia baada ya dakika 44. Hapo hakuna maongezi. Utatoa mzaha, kisha ukae karibu robo tatu ya saa kujua kama aliyeusikia amecheka. Na kila baada ya miezi 26 hivi, jua hukaa katikati ya sayari hizi mbili, na wanaoongoza roboti zilizoko huko huacha kuzipa amri kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa kuhofia ujumbe kuharibika njiani. Roboti haina neno. Inasubiri.

Baridi na hewa nitavipita haraka, maana kijana alishavitaja mwenyewe kwa ufasaha: wastani wa nyuzi joto 60 chini ya sifuri, hewa nyembamba isiyofikia hata asilimia moja ya mgandamizo wa hewa yetu, na karibu yote ni hewa ya ukaa. Hayo ni mambo ya mafundi, na mafundi nawaamini.

Nisichokubali ni pale alipoandika kwamba watu wameshazoea kukaa peke yao angani. Nani? Rekodi ya safari ndefu zaidi ya mtu mmoja angani anayo Mrusi Valery Bykovsky, aliyerushwa na Vostok 5 Juni 1963. Siku tano zisizotimia! Na hata siku hizo, Valentina Tereshkova alikuwa juu kwenye chombo chake, wakisikilizana redioni. Michael Collins, aliyebaki akiuzunguka mwezi mwaka 1969 wenzake walipotua, alikaa peke yake siku moja na kidogo. Majaribio ya kufungia watu ili kuiga safari ya Mirihi ndiyo yamekuwa marefu: Moscow siku 520, kuanzia 2010 hadi 2011, Houston siku 378, zikaisha Julai 2024. Lakini Moscow walifungiwa watu sita, na Houston wanne. Hata ile kampuni ya Uholanzi iliyotangaza mwaka 2012 kutafuta watu wa kwenda bila kurudi, ikafilisika 2019 bila kurusha hata panya, ilipanga kupeleka watu wanne wanne.

Mtu ambaye kisa chake kinanikaa kooni ni Richard Byrd, Mmarekani. Mwaka 1934 alichagua, kwa hiari yake, kukaa majira ya baridi peke yake kwenye kibanda kilichofukiwa thelujini huko Antaktika, kilomita kama 200 kutoka kwa wenzake, akipima hali ya hewa. Jiko na jenereta vilikuwa vikitoa moshi wa sumu usiotoka vizuri nje. Akaanza kufa polepole. Na aliwaficha wenzake, kwa kuwa hakutaka mtu apotee gizani akija kumwokoa. Redioni alisema mambo ni shwari.

Ila wenzake walikuwa wakiisikiliza Morse yake, na Morse ile ilikuwa imevunjika. Hapa niruhusu kidogo niringe na fani yangu. Sisi tulimjua mtu kwa mkono wake. Kuna anayevuta kistari, kuna anayebana nukta, kuna anayemeza herufi ya mwisho kama mtu mwenye haraka ya kwenda kulala. Mwenzangu mmoja wa meli nyingine, ambaye sijawahi kuuona uso wake, alikuwa mvutaji wa vistari. Usiku mmoja vikatoka vifupi. Nikamuuliza una nini. Akajibu: homa, umejuaje? Basi ndivyo ilivyokuwa kwa Byrd. Agosti watu watatu walimfikia, wakamkuta amebaki mifupa, wakakaa naye kibandani miezi miwili ndipo akaweza kusafiri. Mirihi je? Watagundua mkono wako umebadilika, sawa. Kisha wangoje sayari zikae vizuri, jambo linalotokea mara moja katika miezi hiyohiyo 26, halafu wasafiri miezi kama saba.

Kijana ataniambia atajitibu mwenyewe. Najua, wote humtaja Leonid Rogozov, daktari wa Kisovieti aliyejipasua tumbo na kujitoa kidole tumbo Antaktika mwaka 1961, kwa ganzi ya juujuu, karibu saa mbili nzima. Shujaa kweli. Lakini ulizeni nani alimshikia kioo. Alikuwa dereva wa kituo. Na vifaa alipewa na mpimaji wa hali ya hewa. Wote wawili hawakujua lolote la udaktari, ila walikuwa na mikono.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha zile Kanuni za Mandela, zinazokataza mfungwa kutengwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Atasema hiari si adhabu. Kweli, lakini Alexander Selkirk naye alianza kwa hiari. Baharia huyu wa Uskoti, mwaka 1704, aligombana na nahodha wake, akasema meli imeoza na heri aachwe kisiwani, huko Juan Fernández, mbali na pwani ya Chile. Akaachwa. Mashua ilipoanza kuondoka akabadili nia, akaita arudishwe. Nahodha akakataa. Alikaa miaka minne na miezi minne. Waliomkuta mwaka 1709 waliandika kwamba lugha ilikuwa imempotea kwa kukosa wa kusema naye, maneno akiyatamka nusunusu. Na huyo alikuwa na maji matamu, mbuzi, na paka wa kulala nao. Kwa haki niseme pia: kuhusu meli alikuwa sahihi. Ilikuja kuzama.

Sasa la kwangu, nisije nikaonekana nasema ya vitabuni tu.

Usiku mmoja katika bahari kuu nilikuwa napokea ujumbe wa mabaharia kutoka kituo cha pwani. Mtu wa Morse aliyezoea, penseli yake huandika kabla akili haijasoma. Nikaandika jina la meli, jina la mpelekewa, nikaendelea kuandika, mpaka nilipofika MAMA AMEFARIKI JANA ndipo macho yakapanda juu kuangalia ni ya nani. Ilikuwa yangu. Nikagonga R, nukta, kistari, nukta, yaani nimepokea. Kazi ni kazi. Kisha nikasaini mara mbili, kama aliyepokea na kama aliyepelekewa.

Jirani wa kabini yangu alikuwa fundi wa chumba cha mitambo. Tulikuwa hatusemezani mwezi wa pili ule, kwa sababu ya redio kaseti yake aliyoipiga nikitoka zamu. Lugha tuliyoshirikiana ilikuwa maneno labda hamsini, mengi ya matusi. Nilikuwa nimemwambia nahodha peke yake, sijui habari ilimfikiaje. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni pa chumba cha redio, nusu ndani nusu nje, akakaa. Hakusema neno. Alikohoa mara mbili. Mshale ukaingia kwenye wekundu, ukatoka, ukaingia tena, naye yupo. Zamu ilipokwisha alibeba kiti chake akaenda. Kesho yake akapiga kaseti kwa sauti ileile, nami nikagonga ukuta kwa hasira ileile.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, swali la kijana nami nalijibu. Nimevuka miaka 70, sina hofu kubwa ya kufa mbali. Peke yangu siendi, hata kwa mwezi mmoja. Wakinipa yule fundi na kaseti yake, nitafikiria.

Msomaji wako,
Afisa wa redio mstaafu