Chuo cha ufundi cha kisiwani kifundishe kazi ya kisiwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo vimebadilishiwa majina mara kadhaa hata tukashindwa kujua tuviiteje, ingawa wengi wetu hapa Amu, yaani Lamu, tungali tunasema politekniki tu.

Vyuo hivi havikuzaliwa katika ofisi ya wizara. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari wangekwenda wapi, na kutokana nayo vikaanza vituo vidogo vya gharama nafuu, vyenye kamati ya wanakijiji, vinavyofundisha kazi ambayo mahali penyewe panaihitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilianza kuvisaidia, na harambee ikavieneza: huyu katoa kiwanja, yule mabati, na asiyekuwa na kitu katoa mikono yake. Jirani zetu wa Tanzania nao walianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa mfano waliouona Sweden.

Malalamiko yangu ni kwamba vyuo vyetu vilipokua viliacha swali lililovizaa. Wazazi walitaka vyeti (na siwalaumu, maana fundi asiye na karatasi huambulia kibarua), serikali ikataka mtihani mmoja kwa nchi nzima, na chuo cha kisiwani kikajikuta kinafundisha yale yale yanayofundishwa Murang'a, huko bara.

Mpwa wangu alisomea useremala miaka miwili katika chuo ambacho sitakitaja. Alirudi anajua kutengeneza meza na kabati, lakini nilipompeleka kwa jirani yangu anayeunda mashua, alikuwa hajawahi kushika tezo la kuchongea mbao, wala hakujua kwamba taruma, yaani mbavu za mashua, hutafutwa katika mti uliopinda wenyewe tangu ungali msituni. Mzee yule alimpa nyundo na patasi ya kalafati, ya kuzibia nyufa za mashua, akamwonyesha jinsi ya kusokota pamba iliyotiwa mafuta na kuishindilia kidogo kidogo katika mwanya wa mbao mbili, huku akitega sikio, kwa kuwa pamba ikishashiba mlio wa nyundo hubadilika. Somo hilo lilikwisha kabla ya adhuhuri. Mzee huyo, hata hivyo, hawezi kuajiriwa chuoni, kwani Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 inataka kila mkufunzi awe amesajiliwa, naye hana cheti hata kimoja cha kuwasilisha.

Sisemi vijana wetu wafungiwe katika ufundi wa mababu. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 2021, nayo inahitaji wachomeleaji na mafundi wa umeme, na watu wa Faza, Kizingitini na Kiunga wanaotegemea boti za mashine wanajua adha ya injini kuzima katikati ya mkondo. Hizo pia ni kazi za hapa. Ninachokikataa ni chuo kilichozungukwa na bahari kutofundisha chochote cha bahari, na mji wetu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kukosa darasa la chokaa, boriti na uchongaji wa milango.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limevikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti, kwa hivyo safari hii hatuna Nairobi ya kulaumu. Kaunti inaweza kuwalipa mafundi wa mashua wa Matondoni na wachongaji wa Amu wawe wasaidizi chini ya mkufunzi aliyesajiliwa, na kuwagharimia wafanye majaribio ya ufundi ya NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), ambayo hupima mikono ya mtu hata kama ujuzi wake aliupata nje ya darasa. Gharama yake haifiki ya jengo jipya, na majengo tunayo, mengine yakiwa na milango iliyofungwa.

Makadirio ya kaunti hupitishwa kabla ya mwezi Juni kwisha, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Mkutano wa maoni utakapoitishwa nitakwenda na mpwa wangu, na jirani yangu pia, iwapo atakubali kuiacha mashua yake kwa siku moja.

Mzazi, Langoni, Lamu