Mbwa mkubwa anayekojoa ndani anafundishika, msiwe na haraka ya kumrudisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba alichukua mbwa wa miezi 7 akamrudisha baada ya siku 9 tu, sababu mbwa anakojoa ndani, alafu akamalizia kwa kusema mbwa akishavuka utoto hafundishiki tena. Ile barua niliisoma mara mbili na roho iliniuma, maana maneno kama hayo watu huwa wanayabeba na kuna mbwa wengine watarudishwa kwa sababu yake. Siandiki kumgombeza. Mimi mwenyewe nilibaki kidogo tu nifanye hivyohivyo.

Mbwa wangu, Bahati, nilimchukua ana kama miezi 8. Karibu maisha yake yote alikua kwenye banda la saruji na mbwa wengine, nyumba ya watu alikua hajawahi kuikanyaga. Siku ya kwanza nikamtoa nje nikazunguka nae kwenye majani nusu saa nzima, hakufanya kitu, tunarudi tu akanyoosha moja kwa moja jikoni akachuchumaa katikati ya sakafu akakojoa. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nikampigia kelele, nikamshika shingoni nikamsogeza pua karibu na mkojo wake, kama nilivyoona watu wakifanya tangu nikiwa mdogo. Nalisema hili kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Kuanzia siku ile hakukojoa tena mbele yangu na mimi nikafurahi nikajua somo limeingia. Kumbe alikua anasubiri nitoke chumbani anaenda nyuma ya kochi. Na nje ndo ikawa mbaya zaidi, maana nje namshika kamba, niko nae hatua mbili, basi anajizuia tu ananiangalia, tukirudi anatafuta pa kujificha. Hakujifunza kwamba ndani hapakojolewi, alichojifunza ni kwamba huyu mtu akikuona unakojoa anageuka mkali. Sasa mbwa anayeogopa kukojoa mbele yako utampongeza saa ngapi? Ilinichukua karibu wiki mbili kumrudishia imani, na hizo wiki mbili nilizipoteza mimi, yeye hana kosa.

Najua mtu atasema lakini mbona anajua amekosea, mwone anavyoinamisha kichwa na kukunja mkia ukiingia ndani. Hili lilishafanyiwa utafiti. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha utafiti wa mbwa 14 ambapo wenye mbwa walitoka chumbani, wakirudi wanaambiwa mbwa amekula kile alichokatazwa au hajala, na mara nyingine walichoambiwa sio kweli. Ikaonekana ule uso wa hatia hautokani na kama mbwa kakosa au hajakosa, unatokana na kugombezwa, hata mbwa ambaye hakugusa kitu alikua anauonyesha akifokewa. Kwahiyo ukirudi kutoka kazini ukamkuta kajikunja pembeni ujue anakusoma wewe, sura yako na sauti yako, mkojo wa saa nne zilizopita ameshausahau. Mbwa anaunganisha tendo na matokeo yake kama yamefuatana ndani ya sekunde chache, baada ya hapo ukimgombeza anajua tu kwamba mwenye nyumba amerudi na hasira.

Kitu cha pili nilichochelewa kukielewa ni sakafu. Mbwa anazoea kile anachokihisi chini ya miguu wakati anajisaidia, na anaanza kukizoea mapema sana, akiwa na kama wiki 8 au 9 hivi. Aliyelelewa kwenye magazeti atatafuta karatasi, aliyelelewa kwenye saruji atatafuta saruji. Bahati hakua mkaidi, mimi nilikua namzungusha kwenye majani ambayo kwake yeye hayakua choo, na jikoni kwangu ndo palifanana na choo alichokua anakijua. Siku nilipompeleka nje kwenye kipande cha sakafu ngumu kandokando ya ukuta, nikaweka pale kitambaa nilichofutia mkojo wake, alinusa kidogo akakojoa. Nilimsifia kwa sauti ya chini nikampa kipande cha nyama palepale, sio tukishafika mlangoni, maana ukimpa mlangoni anajua kinacholipwa ni kuingia ndani. Tukakaa na kona ile siku kama 10 alafu nikawa nakisogeza kile kitambaa kidogokidogo hadi kwenye majani.

Na jambo moja ambalo wengi hatuliangalii, akimaliza tu usimrudishe ndani hapohapo. Kama yeye anapenda kua nje, na kila akikojoa matembezi yanaisha, atajifunza kuchelewesha. Akimaliza mzungushe tena dakika 5, 10, ndo mrudi.

Ratiba ndo kazi yenyewe hasa. Chukua daftari uandike siku tano hivi, kala saa ngapi, kanywa saa ngapi, kalala, kakojoa wapi na saa ngapi, utashangaa, ukishaandika unaona mpangilio ambao ulikua unakupita kabisa. Wangu alikua anahitaji kutoka kama dakika 20 baada ya kula, kila akiamka hata kama ni usingizi mfupi wa mchana, na akishacheza sana. Hiyo ya kula ina sababu, tumbo likipokea chakula utumbo mkubwa unaanza kusukuma, ndo maana mpe chakula kwa saa maalum, ukiacha bakuli lina chakula kutwa nzima hutojua lini atataka kutoka. Maji usimnyime, mtu asikudanganye, mbwa anayenyimwa maji anaweza kuumwa na akiyapata atakunywa mengi kwa mkupuo alafu ndo utakoma.

Hapa ndipo mbwa mkubwa anamzidi mtoto, na msomaji mwenzangu hakuliona. Mtoto wa miezi miwili hata umpende vipi kibofu chake hakiwezi, watu wanakadiria saa moja kwa kila mwezi wa umri, labda na moja ya kuongeza, kwahiyo yule unatoka nae mchana na usiku kila baada ya saa mbili tatu. Wa miezi 7 au 8 mwili wake tayari unaweza kubana kwa saa kadhaa, kilichobaki ni kuelewa wapi. Lakini wiki za mwanzo usimpime kwa uwezo wake wote, mtoe kila baada ya saa mbili ukiwa nyumbani, alafu uongeze taratibu kadri anavyofanikiwa. Na hata mbwa mzima asiachwe akabana zaidi ya saa 6 hadi 8, kama unatoka kutwa tafuta mtu wa kuja kumtoa.

Kati ya kutoka na kutoka asizurure nyumba nzima. Mimi nilikua namfunga kamba ndefu naishika au naifunga kiunoni, naenda jikoni anakuja, nakaa anakaa, na akianza kunusa sakafu akizunguka naona hapohapo tunatoka. Nikimkuta ameshaanza nagonganisha viganja vyangu mara moja kumshtua kidogo tu, simgusi, namtoa amalizie nje, namsifia kama kawaida. Nikimkuta ameshamaliza nafuta nanyamaza. Wengine wanatumia kreti, kile kizimba cha kumweka mbwa ndani ya nyumba, na ni nzuri, iwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala tu, lakini ujue wale waliokulia bandani walishalazimika kujisaidia palepale walipolala, kwahiyo ile hulka ya kuweka kitanda safi imeshavurugika na anaweza kuchafua kreti bila shida. Huyo usimfungie kwa muda mrefu ukidhani atabana, atazidi kuharibika.

Kufuta nako kuna kufuta. Kausha kwanza kwa kitambaa kikavu ukikandamiza, usisugue ukausambaza, alafu tumia dawa ya vimeng'enya ile inayotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama, inavunja kile kinachonuka. Dawa zenye amonia uziache kabisa, harufu yake inakaribiana na ya mkojo kwahiyo ni kama unamwekea kibao cha choo. Na zile za klorini zisikutane na mkojo mbichi, mkojo una vitu vya amonia na vikichanganyika inatoka gesi mbaya ya kuumiza kifua. Pua yako ikisema pamekauka hapanuki, ya kwake bado inasema hapa ni chooni.

Kabla ya yote hayo lakini, daktari wa mifugo. Kama mbwa alikua msafi alafu ghafla akaanza, au anakojoa kidogokidogo mara nyingi, au anakunywa maji kuliko kawaida, au mkojo una damu, hapo hakuna ratiba itakayokusaidia, inaweza kua maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, figo. Jike aliyefungwa kizazi akaacha alama ya maji alipolala, huyo anavuja usingizini bila kujua na dawa ipo. Anayekojoa kidogo akijilaza ukimwinamia kumsalimia ni woga na unyenyekevu, dawa yake ni kumsalimia kwa utulivu, ukichuchumaa pembeni bila kumkazia macho, na ukimgombeza huyu unamzidishia. Dume anayenyanyua mguu akitupia matone kwenye mguu wa meza hajabanwa, anaweka alama, na kuhasiwa mara nyingi kunapunguza japo sio kila mara.

Kwa Bahati wiki ya tano ndo tulipata siku saba mfululizo sakafu kavu. Baadae tukateleza, nilipata wageni nyumba ikajaa watu nikasahau ratiba akakojoa mara mbili siku moja, nikarudi kwenye kamba kiunoni siku nne tukaendelea. Wiki ya tisa, asubuhi na mapema kabla sijaamka, nikasikia kucha mlangoni, nikatoka nikamkuta amesimama anautazama mlango alafu ananitazama mimi. Sikua nimemfundisha kuita. Nilifungua mlango peku, tukatoka wote.

Yule msomaji mwenzangu, kama yule mbwa wa miezi 7 bado hajachukuliwa na mtu mwingine, nakuomba kwa moyo wangu wote kamuulizie. Kawaulize alikolelewa alikua anajisaidia kwenye nini, saruji, mchanga, karatasi, alafu nenda na daftari. Siku 9 zilikua chache mno kwa yeye kukuelewa, na wewe kumuelewa.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mwenye Bahati