Barua ya wazi kwa wazazi na makocha wa vijana: acheni kuwachoma watoto sindano za kujenga misuli

Wanangu,

Tangu nilipostaafu utabibu, jioni zangu nyingi huzimalizia pembeni ya viwanja vya mtaa wetu, na vijana wenu nawahesabu kuwa wajukuu wangu. Ndiyo maana nimeudhika. Msimu huu nimemsikia baba mmoja akimweleza mwenzake, kwa fahari na bila kushusha sauti, kwamba mwanawe wa miaka 13 anachomwa sindano za homoni ya kiume ili "apate mwili" kabla ya majaribio, na kocha aliyesimama karibu akaafiki kana kwamba wanazungumzia viatu vya mpira. Sindano hizo huenda zikamwacha mtoto huyo mfupi kuliko alivyojaliwa kuwa.

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambalo seli zake huongezeka, hujipanga, kisha hugeuka mfupa, na hapo ndipo kimo kinapotoka. Kazi hiyo huendeshwa na homoni ya ukuaji inayotolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo hufika kwenye ini, na ini huitikia kwa kutengeneza nyingine, iitwayo IGF-1, inayolichochea gegedu. Kwa mpango huo mtoto hurefuka takriban sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, baadaye mwendo hushuka hadi sentimita 5 au 6 kwa mwaka, mpaka balehe inapoingia na mvulana kuongeza hata sentimita 9 ndani ya mwaka mmoja.

Balehe ndiyo inayowadanganya. Mnaona testosteroni, yaani hiyo homoni ya kiume, imemrefusha kijana wa jirani, mnadhani wenu akiongezewa atampita. Atampita kweli, kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini sehemu ya testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, naam, hiyo hiyo mnayoiita homoni ya kike, na estrojeni ndiyo inayolifunga gegedu, yaani kuligeuza lote kuwa mfupa hata kimo kikakoma, kwa wavulana kama kwa wasichana. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni: alikuwa na kimo cha sentimita 204, magegedu yake hayajafunga, naye angali anarefuka. Kwa mtoto anayejazwa homoni mambo huwa kinyume chake: gegedu hufunga mapema, na likishafunga hakuna sindano, mazoezi wala maombi ya kulifungua. Isitoshe, pituitari ikikuta homoni imejaa huacha kuziamrisha korodani, nazo hulala.

Na ninyi makocha, kwa kuwa mnapenda kusikia habari za FIFA, sikieni na hii. Tangu mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17, wachezaji hupimwa kifundo cha mkono kwa MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na gegedu likionekana limefunga kabisa mchezaji huhesabiwa kuwa amezidi umri. Mnamharakisha mtoto mwenye umri halali ili aje aonekane mdanganyifu! Lakini tusijifanye hatujui chanzo. Mashindano yetu yamejaa vijana wenye ndevu wanaocheza kwa vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zao, waandaaji wanafumba macho, na mtoto wa kweli wa miaka 13 anatupwa katikati yao, kisha mzazi wake anakwenda kumtafutia misuli kwenye duka la dawa.

Vidonge vya kunenepesha navyo viacheni. Vingi vina deksamethasoni, dawa inayoiga homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo huujaza uso na kuudumaza mfupa.

Mkitaka mtoto akue, mwacheni alale mapema, kwa kuwa homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Nunueni chumvi yenye madini joto, ambayo tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake bila hayo. Mpeni mayai, dagaa, maharage na maziwa. Mtoto mwenye njaa anaweza kuwa na homoni ya ukuaji tele katika damu, lakini ini lake haliitikii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mkoani Iringa, ambako mahindi hujaza malori, ni zaidi ya nusu. Taifa linalouza chakula na kubaki na udumavu halina haki ya kushangaa vijana wake wakiwa wafupi uwanjani.

Anayehofia kimo cha mwanawe ampeleke hospitali, apimwe kwa mpangilio na kupigwa eksirei ya mkono wa kushoto ili umri wa mifupa ujulikane. Na yule ambaye mtoto wake amekwisha kumeza vidonge vya kunenepesha kwa majuma mengi, nakusihi, usivikatishe ghafla kwa hofu baada ya kusoma barua hii, kwa maana tezi zilizo juu ya figo huenda zimelala na mtoto anaweza kuzimia. Vibebe vidonge hivyo na pakiti yake, umwone daktari kesho asubuhi, umwambie ukweli wote.

Mzee wenu, tabibu mstaafu.