Mhuri wa klabu unao wewe?

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Shemeji hajambo? Watoto wameshaizoea Mwanza au bado wanalilia Dar? Najua umeninunia kwa ile simu ya Idi, tutagombana siku nyingine. Leo nina shida.

Mhuri wa klabu unao wewe?

Usicheke. Tangu mkutano mkuu mimi ndiye katibu wa klabu yetu ya jogging, nimekalia kiti chako. Wala sikugombea. Nilitoka nje kupokea simu, narudi nakuta watu wanapiga makofi, Kocha ananipa mkono: "Hongera, umepita bila kupingwa." Nani angepinga, wakati kila mtu alikuwa ameinamia simu yake asije akatajwa?

Nilijua ukatibu ni kuandika mahudhurio na kutuma ujumbe Jumamosi usiku kwamba kesho tunaanzia Rangi Tatu saa 11:30 alfajiri, fulana za njano. Kumbe! Nimeisoma katiba yetu yote, na nadhani hakuna aliyeifungua tangu ilipopelekwa kwa afisa michezo. Mwenyekiti anaongoza vikao. Mweka hazina anatunza fedha na kusoma mapato na matumizi. Mwenezi anatangaza. Wajumbe "watafanya kazi watakazopangiwa". Yote yanayobaki ni ya katibu, na yanayobaki ndiyo mengi: barua ya kuomba uwanja, maji, mtu wa huduma ya kwanza, rambirambi, mpaka kumtafuta fundi wa spika.

Mwenyekiti wetu unamjua. Anafungua kikao, anahutubia, anaaga kuwahi kikao kingine. Mwenezi anakimbia mbele mpaka Mtoni kwa Aziz Ali, anapigwa picha, anadaka bodaboda. Wajumbe nikiwapangia kazi, dharura. Ukimwuliza mtu kwa nini hakufanya anakujibu, "Kwani mimi nalipwa?" Hapo unabaki umeachama, maana kweli halipwi. Lakini na mimi silipwi! Mtu akichoka si aseme, akae pembeni, akimbie na wenzake kwa raha zake? Hataki. Cheo anakitaka, fulana ya kamati anaitaka, kazi ndiyo hataki. Hilo ndilo linanichoma, si uchache wa watu.

Anayefanya kazi yake ni mweka hazina wetu, Mama Daftari, peke yake. Jana kanifungulia lile kaunta buku lake, mistari kaichora kwa biro nyekundu na rula, risiti kazibana kwa pini, mpaka maji ya shilingi 500 yameandikwa na aliyeyanywa kaweka sahihi. Wanamsema ana roho ngumu. Mimi nakwambia bila yeye tungekuwa tumeshafikishana polisi.

Sasa sikia. Hela zipo benki, na watia saini ni yeye na wewe. Wewe uko Mwanza! Kubadilisha jina benki wanataka muhtasari wa kikao, orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, na uwe umegongwa mhuri. Mhuri hatuuoni. Na wale wenzetu wa klabu ya Kigamboni wanakuja kukimbia nasi Jumapili ijayo, tuna supu na chai ya kuandaa. Mwenyekiti akasema basi michango iingie kwenye simu yake kwa muda. Mama Daftari akasimama, hata sauti hakupandisha: "Mwenyekiti hashiki pesa. Ukitaka kushika, gombea nafasi yangu." Kikao kizima kimya. Kocha akaanza kukohoa.

Nikapendekeza tufungue M-Koba, ile akaunti ya kikundi kwenye M-Pesa, kila mchango uonekane na pesa isitoke mpaka iidhinishwe. Wakakubali wote kwa shangwe, kisha wakasema katibu ashughulikie. Nilitaka kulia, nikacheka.

Yule kijana wa gereji, aliyekuwa analipa ada kwa shilingi mia mia, ndiye sasa anawahi kabla ya wote kupanga maji. Hana cheo chochote. Nafikiria nimwombe... aa, tutaongea.

Haya, niambie: mhuri uko kwenye lile begi lako jekundu? Na daftari la mihtasari je? Utampa kondakta wa basi, au kuna mtu anakuja Dar wiki hii? Wewe ulikuwa unambanaje Mwenyekiti mpaka akawa anasaini barua kwa wakati? Wale wajumbe ulikuwa unawaita mmoja mmoja au mbele za watu? Ni kweli maji ya bonanza la mwaka juzi ulilipa mfukoni mwako ukanyamaza? Kwa nini hukuniambia ulipokuwa unaondoka? Na nikitaka kujiuzulu, barua nampelekea nani, wakati anayepokea barua ni katibu?

Jibu upesi. Na sato wangu usimsahau, yule kondakta anaweza kubeba vyote.

Wako,
Katibu kwa lazima